UZI: Stesheni ya reli ya Mombasa, kuanzia ile ya mjini mpaka hii ya Miritini

Mwana wa Muthurwa (mleta uzi)

Wasee poleni na kazi. Jana nilikuwa kwa kinyozi pale Burma hapa Nairobi na kijana mmoja akasema, tena kwa sauti ya mtu anayejua, ati Mombasa haikuwa na treni mpaka SGR, hii reli mpya, ilipokuja 2017. Hakuna aliyembishia. Mimi nilikuwa nimefungwa shuka shingoni, wembe uko kisogoni, nikaona ninyamaze, lakini hayo maneno yamenikaa rohoni juu karo yangu ya shule ilitoka kwa hiyo reli ya zamani. Mjomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa mtandika vitanda kwa treni ya usiku ya Nairobi Mombasa na tulikuwa tunaishi naye kwa nyumba za reli Muthurwa, chumba kimoja watu sita. Sasa nimekaa niandike vile najua. Ni ndefu. Mwenye anataka mambo ya tiketi peke yake aruke aende huko chini.

Kitu cha kwanza ambacho sisi watu wa Nairobi tunasahau ni kwamba maili sifuri iko Mombasa. Sisi ndio watoto wa hiyo stesheni. Injinia mkuu George Whitehouse alishuka Mombasa Desemba 1895, mwaka uliofuata reli ikaanza kulazwa kisiwani, na Mei 1899 ikafika hapa, karibu kilomita 530. Hapa hakukuwa na mji, ilikuwa kinamasi tu na yale maji baridi ya Wamaasai, na wajenzi waliona ni tambarare nzuri ya mwisho kabla ya kuanza kupanda milima kuelekea bonde la ufa, wakaweka depo na karakana, na mwaka huo huo makao makuu ya reli yakahamishwa toka Mombasa yakaja huku. Sasa mtu wa Nairobi kuuliza stesheni ya Mombasa ina maana gani ni kama kuuliza nyumba aliyozaliwa mama yake ina maana gani.

Na haikuwa kazi rahisi hata kutoka Mombasa yenyewe. Mombasa ni kisiwa, kwa hivyo kabla hata hujaanza safari unahitaji daraja pale Makupa, wakaanza na la mbao la muda ndio vyuma na mataruma yavuke bara. Ukivuka unapanda vilima vya Rabai, ukimaliza kupanda unaingia nyika ya Taru ambayo haina maji kabisa, maji ya kunywa ya wafanyakazi ilibidi yaletwe na treni kutoka nyuma. Halafu Tsavo, 1898, wale simba wawili wasio na manyoya shingoni waliokula watu miezi mingi mpaka injinia Patterson akawaua Desemba. Leo wako kwa makumbusho huko Chicago. Simba ndio wamechukua sifa zote, lakini Wahindi karibu 32,000 waliletwa kujenga hii reli na karibu 2,500 hawakurudi kwao, na wengi wao ni magonjwa na ajali ndizo ziliwamaliza. Hao hawana makumbusho Chicago. Mimi nikipita Makindu kwa lile hekalu la Masingasinga ambalo bado linalisha wasafiri bure, au nikiona msikiti wa Mackinnon Road uko kando ya reli na kaburi la yule msimamizi Mhindi, Seyyid Baghali, huwa nawakumbuka hao.

Reli ikafika Kisumu Desemba 1901 na hapo ndio ikawa mwisho wake. Stesheni ya Mombasa ikawa mlango. Wageni waliokuja na meli walishukia Kilindini wakatafuta treni. Churchill alipanda hapo 1907, na Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipanda Aprili 1909, wote wawili wakakalia benchi iliyofungwa mbele ya kichwa cha treni ndio waone wanyama vizuri.

Nitaendelea, wacha niweke sufuria kwa jiko.

Kijana wa Kasarani

Aisee sikujua hata nusu. Endelea. Hiyo ya treni ya usiku ndio nataka, babangu huniambia watu walikuwa wanakula kwa treni na vijiko vya fedha nikadhani anatia chumvi.

Mwana wa Muthurwa (mleta uzi)

Babako hatii chumvi ndugu yangu.

Treni ya usiku ilikuwa inatoka hapa Nairobi saa moja jioni. Ukifika stesheni, ile yetu ya huku chini ya Haile Selassie, unaenda kwanza kwa ubao. Kulikuwa na ubao platifomu na karatasi zimebandikwa, jina lako limepigwa taipu na namba ya behewa na ya chumba, na watu wamejazana hapo wanatafuta majina kama matokeo ya mtihani. Daraja la kwanza chumba cha watu wawili, la pili watu wanne, na wanaume walitengwa na wanawake isipokuwa mmenunua chumba kizima kama familia. La tatu ni viti tu, unakaa mpaka asubuhi na mzigo wako miguuni na kuku wa jirani. Sisi jamaa za mjomba tulikuwa tunapanda la tatu, nisidanganye. Lakini likizo moja, nikiwa darasa la sita, mjomba alinichukua nikae naye kwa kile kichumba cha wahudumu mwisho wa behewa na ndio niliona kazi yake.

Tiketi ilikuwa kikadibodi kidogo kigumu, saizi ya vidole viwili, na karani anakitoboa na koleo, kidunda kinaanguka chini. Niliokota hivyo vidunda nikajaza mfuko.

Treni ikishatoka, kama imefika Athi River hivi, mhudumu mmoja anapita kwa korido na kikengele kama marimba ndogo, anagonga ting tong ting, hiyo ni chakula zamu ya kwanza. Watu wa fasti na sekondi wanaenda behewa la kulia, vitambaa vyeupe mezani, supu inaletwa kwa sahani na inacheza cheza vile treni inacheza, na mhudumu amesimama miguu ameipanua kidogo anamimina bila kumwaga hata tone. Wakati wako huko ndio mjomba anaingia vyumbani. Ana mfuko mkubwa wa turubai, ndani shuka mbili, blanketi, mto. Anavuta kitanda cha juu kinashuka, anatupa shuka mara moja tu inalala yenyewe, pembe anaikunja kama bahasha ya barua, anapiga mto mara mbili, ametoka. Nilihesabu. Chumba cha watu wanne alimaliza kabla sijafika mia mbili. Watu wakirudi kutoka kula wanakuta nyumba imetandikwa na taa ndogo inawaka na hawajui ni nani aliyefanya.

Asubuhi sasa. Hii ndio nataka muisome polepole. Mnaamka huko Mackinnon Road, hewa imebadilika, mkono ukiutoa dirishani unahisi joto lenye unyevu. Mariakani, Mazeras, halafu reli inaanza kushuka na kupinda pinda, minazi inaanza, watoto wanakimbia kando wanapunga mkono, Miritini, Changamwe, mnasikia harufu ya bahari kabla hamjaiona, halafu ghafla maji huku na huku, hiyo ni Makupa, na treni inapiga honi refu inaingia kisiwani. Ukishuka, ukitoka nje ya stesheni, uko mjini. Mbele yako ni barabara moja imenyooka mpaka Digo Road, na hata jina lake ni Haile Selassie kama hii yetu ya Nairobi, umetoka Haile Selassie umefika Haile Selassie. Mwembe Tayari unaenda kwa mguu. Huhitaji kumuuliza mtu, unafuata tu watu na mikokoteni.

Mwana wa Majengo (sasa Pangani)

Ahsante ndugu umenirudisha nyumbani. Mie nimezaliwa Majengo ya Mombasa, hapa Nairobi naishi Pangani mwaka wa kumi na mbili sasa. Mamangu Mungu amrehemu alikuwa akiuza mahamri na mbaazi nje ya stesheni hiyo. Alikuwa hatazami saa. Unga ashaukata, karai iko motoni, yuwangojea honi ya Makupa. Akiisikia tu hutia ya kwanza mafutani, akijua mpaka treni isimame na watu watoke na mizigo yao, hamri ziko tayari na moto wake. Treni ikichelewa nasi tukichelewa kula, kwani mbaazi zalikuwa za wateja kwanza. Babangu alikuwa hamali hapo hapo, na mkokoteni wake, basi nyumba yetu nzima ilikula kwa treni ile moja.

Nami niongeze jambo ambalo wazee wetu walitusimulia, na picha za zamani zipo. Zamani sana, kabla gari kujaa Mombasa, mji ulikuwa na vijireli vyembamba na juu yake vijigari vyaitwa toroli, benchi tu na kivuli cha turubai, vikisukumwa na watu kwa mikono, wanakimbia nyuma kisha wanadandia kwenye mteremko. Mabwana wakubwa walikuwa na toroli zao binafsi. Mgeni akishuka melini Kilindini, hupelekwa mjini kwa toroli. Kwa hivyo ukisema usafiri wa reli Mombasa, usianze na treni, anza na vifua vya wale vijana waliokuwa wakisukuma.

Dada wa Embakasi

Samahani kuwakatiza wapendwa, nimependa sana haya. Mimi nina swali la sai. Mamangu ana miaka 68 na hajawahi kuona bahari. Nataka nimpeleke mwezi ujao na treni. Nianzie wapi, na je ile stesheni mpya iko mbali na mji? Mama magoti yanamsumbua.

Mwana wa Muthurwa (mleta uzi)

Dadangu karibu, na Mungu akubariki kwa kumpeleka mama. Nakujibu kwa urefu ndio na wengine wasome.

Tiketi: unapiga *639# kwa simu, unachagua safari, unalipa na M-Pesa, au kwa mtandao wa Shirika la Reli, au uende kaunta. Nunua mwenyewe, usimpe mtu. Nasema hivi juu shemeji yangu aliuziwa tiketi za Krismasi na jamaa fulani aliyejiita wakala, akafika stesheni na watoto watatu, namba za tiketi hazijulikani kwa mashini, na treni hiyoo. Sikukuu na shule zikifungwa tiketi huisha mapema sana, kata mapema.

Nauli tangu Januari 2024 ekonomi ni 1,500 na fasti klasi 4,500 Nairobi mpaka Mombasa, hapo mwanzo ilikuwa 1,000 na 3,000. Mtoto chini ya miaka 3 hulipi, 3 mpaka 11 nusu. Hakikisha tena siku unakata, bei hubadilika. Ekonomi viti ni vitatu upande mmoja na viwili upande ule mwingine, mnaangaliana, magoti yanagusana na ya mwenzako. Kwa magoti ya mama, kama mfuko unaruhusu, mweke fasti klasi, viti ni viwili viwili na mguu una nafasi.

Treni ya saa mbili asubuhi ndio ya kumpandisha, husimama stesheni za njiani, Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi, Mariakani. Inachelewa kidogo kuliko ile ya saa tisa alasiri, ambayo inakimbia kama masaa matano, na ile ya saa nne usiku ambayo inawafikisha alfajiri kukiwa bado giza. Ya asubuhi mama ataona nchi. Kaeni upande wa kulia mkitoka Nairobi, Kilimanjaro iko upande huo na vilima vya Chyulu, na mkiingia Tsavo aangalie ndovu, wale wa huko ni wekundu kwa sababu ya udongo wanaojipaka.

Kufika stesheni: SGR ya Nairobi iko Syokimau, kwenu Embakasi si mbali. Wa huku mjini tunapanda treni ndogo ya kuunganisha kutoka stesheni kuu. Mfike lisaa limoja kabla, au zaidi. Begi zinawekwa chini kwa mstari, mbwa anapita ananusa, halafu skana, halafu kitambulisho na tiketi. Kitambulisho cha mama msisahau. Visu usibebe, hata cha kumenyea matunda, utaambiwa ukiache.

Sasa swali lako la mwisho ndio kiini cha huu uzi. Ndiyo, iko mbali. SGR inaishia Miritini, bara, hata kisiwa hujaingia. Jengo ni zuri sana, limechorwa kama mawimbi ya maji yanavyotawanyika ukitupa jiwe, na mnara katikati. Lakini ukitoka nje hauko Mombasa. Unapata matatu za kwenda mjini, teksi na tuktuk, halafu unapambana na jam ya Changamwe na Kibarani. Kwa mama chukueni teksi mpaka mnapolala. Kama mnaenda Diani mwambie dereva apitie barabara ya Dongo Kundu, inaanzia upande huo huo wa Miritini na inawatoa ng'ambo bila kungoja feri ya Likoni.

Kijana wa Kasarani

Sasa mkubwa na heshima, kama SGR inachukua masaa matano na ile ya zamani ilikuwa usiku mzima na zaidi, si tuseme tu mpya ni bora tumalize? Mbona tulilie reli ya mkoloni?

Mwana wa Muthurwa (mleta uzi)

Swali zuri na sitaki kulikwepa. Treni mpya ni bora. Reli yake ni pana, milimita 1,435 na ile ya zamani 1,000, abiria wanakimbia mpaka kilomita 120 kwa saa, bibi yangu hupanda Jumamosi ya tatu kila mwezi kuona mamake na haogopi lori usiku pale Salama kwa barabara ya Mombasa. Tangu Juni 2017 imebeba mamilioni ya watu ambao wangekuwa barabarani. Hiyo ni roho za watu, siwezi kuidharau. Na deni lake la China tunalijua sote, hiyo ni mada yake.

Mimi nazungumzia stesheni. Stesheni si jengo la kupandia treni tu, ni mahali mji unakutana na mgeni. Ile ya zamani ukishuka, shilingi yako ya kwanza inaenda kwa mama wa mahamri, ya pili kwa hamali, ya tatu kwa yule mzee wa madafu pale kona, hoteli ndogo za Mwembe Tayari zinapata watu wa kulala. Yeye mwenyewe mwana wa Majengo amesema hapo juu, nyumba nzima ilikula kwa honi moja. Ukishuka Miritini hiyo shilingi ya kwanza ni ya teksi, na mwenye hana ya teksi anasimama na mzigo juani. Masaa uliyookoa kwa treni, mengine unayarudisha Kibarani. Sisemi turudishe treni ya mvuke. Nasema ile reli ya zamani iko, inapita Miritini, inapita Changamwe, inaingia kisiwani mpaka mlango wa stesheni ya mjini. Mtu ashuke SGR, apande treni ndogo kama hii yetu ya Syokimau, atokee Haile Selassie. Shirika la Reli limekuwa likifufua hicho kipande, na mimi nataka kila mtu hapa akijue na akiulizie, juu kisipotumika kitakuwa vichaka na vibanda na tutaambiwa hakuna nafasi.

Mzee wa Makongeni

Vijana hamjambo. Mjukuu wangu amenisomea haya nikamwambia aniandikie. Nilifanya kazi ya reli miaka thelathini na moja, nikaanza kama msukuma makaratasi nikaishia gadi.

Majina ya mwajiri yalibadilika mkononi mwetu. Baba yangu aliajiriwa wakati wa reli ya Kenya na Uganda. Mwaka 1948 wakaunganisha na Tanganyika ikawa East African Railways and Harbours. Jumuiya ilipovunjika 1977 kila nchi ikachukua mabehewa yake, ikaja Kenya Railways. Mwaka 2006 ikakodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, na 2017 mkataba huo ukavunjwa. Sare zilibadilika, filimbi ilikuwa ile ile.

Baba alikuwa Mombasa Januari 1947, wafanyakazi wa bandari na wa reli waliposimamisha kazi. Siku 12 mji ulinyamaza. Hakuna meli iliyopakuliwa, hakuna treni iliyotoka. Walidai mshahara wa kumwezesha mtu kupanga chumba na kula, na Chege Kibachia ndiye aliyewaongoza kuunda chama. Msidhani stesheni ile ni historia ya wazungu wenye kofia, hapo ndipo mfanyakazi Mwafrika alijua nguvu yake.

Mwana wa Muthurwa hukutaja Garratt, vile vichwa vikubwa vya treni ya mvuke. Mimi sitakusamehe kwa hilo mpaka ukaione. Vichwa vya klasi ya 59, vilikuwa 34, vikatengenezwa na Beyer Peacock huko Manchester kati ya 1955 na 1956, kila kimoja tani 252, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Vilichoma mafuta, si makaa. Kikianza kupanda kutoka Mazeras na mabehewa ya mizigo nyuma ardhi yote inatetemeka, chai kwenye kikombe inafanya viduara. Viliondoka mwisho wa miaka ya 1970. Mount Gelai, namba 5918, iko makumbusho ya reli hapa Nairobi nyuma ya stesheni. Hapo pia kuna lile behewa ambalo simba alimtoa Ryall, ofisa wa polisi, akiwa amelala, pale Kima mwaka 1900. Nendeni mpeleke watoto.

Na msisahau Ngai Ndethya. Januari 1993 mafuriko yalibeba daraja usiku na treni ya abiria kwenda Mombasa ikatumbukia. Zaidi ya watu 100 walikufa. Wengine walikuwa wenzetu kazini. Mimi sikuwa zamu usiku ule. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Mwana wa Muthurwa (mleta uzi)

Mzee wangu shikamoo, na pole sana. Mjomba alikuwa likizo ule usiku. Mama alituamsha kukiwa giza tukaketi kitandani sote tumeshikana mpaka redio ikataja, halafu majirani wakaanza kulia mlango baada ya mlango, hizo nyumba za reli zina ukuta mmoja, ukilia kila mtu anasikia. Mwaka mzima mjomba alikuwa akifika hiyo sehemu anasimama kwa korido mpaka wavuke.

Garratt nimekubali kosa. Jumamosi naenda na vijana wangu.

Mwana wa Majengo (sasa Pangani)

Mzee twakushukuru. Nimemaliza kusoma nikapiga simu nyumbani kwa ndugu yangu aliye bado Majengo, nikamuuliza kama akumbuka mbaazi za treni. Ameniambia karai ya mama angali nayo.

Dada wa Embakasi

Narudi na shukrani. Tumeenda, tumefika, tuko Mombasa sai tunavyoongea. Tulikata fasti klasi kama ulivyoniambia na tukakaa kulia. Kilimanjaro ilijifunika mawingu mama akasema haidhuru, lakini Tsavo aliona ndovu kumi na moja, amewahesabu kwa vidole na amempigia kila mtu simu. Pale Miritini dereva wa teksi alikuwa kijana mpole akamshika mama mkono. Jana jioni nikamwambia dereva mwingine atupitishe kwa stesheni ya zamani, tukasimama nje tu dakika kidogo. Mama akauliza mbona treni yetu haikutuleta hapa, kwani reli si hii naiona? Sikuwa na jibu.

Mwana wa Muthurwa (mleta uzi)

Dadangu umenifurahisha sana. Mkirudi, kama tiketi ni ya saa tisa, saa sita mchana muwe mmeshatoka mjini, Kibarani ikijam mama atatoka jasho bure. Achari na mabuyu nunueni Markiti mapema, msingoje za stesheni.

Leo nimemsomea mjomba uzi wote kwa simu, yuko Machakos kwa shamba lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja, hii treni mpya ya saa nne usiku shuka zake zinafuliwa wapi. Nikamwambia haina vitanda, watu wanakaa kwa viti. Akanyamaza, nikasikia kuku huko nyuma yake, halafu akaniuliza, na kama kuna mama ana mtoto mchanga, wanamlaza wapi?